Tairi za Mbele Zinaliwa Upande? Pimeni Wenyewe

Pikapu ya kikundi ikianza kula tairi za mbele upande mmoja, mweka hazina huambiwa anunue zingine. Baada ya miezi michache zile mpya nazo ni upara, na pesa ni zile zile za karo na mbegu. Kumbe mara nyingi tairi hazina makosa, ni vile magurudumu hayaangalii mbele sawasawa. Mafundi huita hiyo alaimenti, na kwa gari la zamani mnaweza kuipima nyumbani kwa kamba, chaki na futi ya seremala.

Kwanza zisomeni tairi. Zote mbili za mbele zikiisha ukingo wa nje, magurudumu yamekaribiana mno kwa mbele, kama mtu anayetembea vidole vya miguu vikitazamana. Zikiisha ukingo wa ndani, yamepanuka. Zikiisha kingo zote mbili, upepo ni kidogo tu. Lakini tairi moja peke yake ikiliwa ukingo mmoja, huenda kuna kitu kimepinda. Hiyo ni kazi ya gereji.

Kabla ya kupima, tafuteni kilicholegea. Zuieni magurudumu ya nyuma kwa mawe, inueni mbele kwa jeki, kisha wekeni stendi au magogo imara chini ya chesisi. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja. Shika gurudumu kulia na kushoto ulitikise. Likicheza, vichwa vya fimbo za usukani vimekwisha. Shika juu na chini: likicheza, ni beringi au boljointi. Badilisheni kwanza. Hapa mimi sikubali ubishi, kwa sababu pikapu hiyo hiyo ndiyo hubeba watu siku ya mazishi, na kiungo kikichomoka dereva hana usukani tena.

Haya basi, kupima. Tafuteni sakafu ya saruji iliyo sawa, na upepo wa tairi uwe sawa. Gurudumu likiwa juu, paka chaki katikati ya tairi, mwenzako alizungushe polepole huku umeegemeza msumari juu ya tofali ili uchore mstari mwembamba kuzunguka tairi yote. Fanya hivyo pande zote mbili. Shusheni gari, nyosheni usukani, lisukumeni mbele mita 3 au 4 ili springi zitulie. Sasa funga nati kwenye kamba, uininginize kutoka kwa ule mstari mbele kabisa ya tairi, na uweke alama sakafuni pale nati inapoelekea. Fanya vivyo hivyo nyuma ya tairi, na kwa gurudumu la pili. Ondoeni gari. Pimeni kati ya alama mbili za mbele, kisha kati ya zile mbili za nyuma.

Magari mengi ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma hutaka mbele pawe pafinyu kuliko nyuma kwa milimita 1 hadi 3 hivi, kwa maana barabara huyapanua yakianza kwenda. Kitabu cha gari lenu ndicho hakimu.

Kurekebisha, legezeni nati za fimbo za usukani mzungushe robo tu, kushoto na kulia kwa kiasi kimoja, la sivyo usukani utakaa kombo. Fimbo zikiwa nyuma ya ekseli, kuzirefusha hufinya mbele. Zikiwa mbele ya ekseli ni kinyume. Sukumeni gari, pimeni tena, halafu kazeni nati kabisa. Fundi wa kijiji awepo mara ya kwanza.

Gari likiendelea kuvuta upande mmoja baada ya hayo, angalieni breki. Zikiwa nzuri, lipelekeni kwenye mashine, kwa sababu mlalo wa gurudumu haupimwi vizuri kwa kamba.