Kwa Nini Malaria Humwelemea Mama wa Mimba ya Kwanza?

Hapa Mkuyuni wengi wetu tumekua na malaria, na miili yetu imekwisha kuizoea kiasi. Basi mbona dada aliyekuwa mzima huzidiwa nayo akipata mimba ya kwanza?

Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kisha hutengeneza protini na kuzipachika juu ya chembe hiyo. Protini hizo ni kama kulabu: hushika kuta za mishipa ili chembe isifike kwenye bandama ikaharibiwa. Mwenye mimba ana kondo la nyuma, mahali papya pa kushika. Hapo kimelea hutumia kulabu ambayo mwili wake haujapata kuiona. Mtoto hukosa chakula cha kutosha, huzaliwa na uzito mdogo.

Haya yalijulikanaje? Huko Muheza, Tanga, watafiti walichunguza kondo za kina mama waliojifungua. Walitumia elimu ya proteomiki, yaani kuzitambua protini nyingi kwa pamoja. Matokeo ya mwaka 2007 yalionesha kuwa vimelea vya kwenye kondo vina protini za namna yake. Kulabu kuu, VAR2CSA, ndiyo inayotafutiwa chanjo.

Mimba zinazofuata, mwili huwa umeanza kujifunza. Ya kwanza haisubiri chanjo. Kwa hiyo mama awahi kliniki, ameze dawa ya SP kama atakavyoelekezwa, na alale ndani ya chandarua. Kujikinga hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu.