Rekodi za Mwanga, Ruiru hadi Thika

Tofauti kubwa kuliko zote: adhuhuri na mbalamwezi. Thika iko kama digrii 1 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la saa sita hukaa utosini na kumwaga luksi 100,000 hivi. Mwezi mpevu hutoa robo luksi. Hiyo ni tofauti ya mara 400,000. Fotodiodi ya BPW34, yenye kutoa takriban nanoampea 80 kwa kila luksi, itatoa miliampea 8 mchana na nanoampea 20 usiku. Ukiiunga kwenye amplifaya ya kawaida yenye rezista ya omu 500, mchana utasoma volti 4, usiku mikrovolti 10, kiasi kinachomezwa na kelele za saketi.

Dawa ni amplifaya ya logi. Ng'oa rezista, weka transista ya NPN: kolekta kwenye ingizo hasi la opampu, beyzi kwenye graundi, emita kwenye tokeo. Anodi ya fotodiodi iende kwenye ingizo hilohilo, kathodi kwenye graundi. Sasa kila mwanga unapozidi mara kumi, volteji husogea milivolti 60 tu, na tofauti yote ile inatoshea kwenye milivolti 340 hivi.

Kupatwa kwa jua kwa pete kwa muda mrefu zaidi katika milenia hii: 15 Januari 2010. Katika Bahari ya Hindi pete ya jua ilidumu dakika 11 na sekunde 8, na haitapitwa hadi mwaka 3043. Nairobi na viunga vyake viliiona asubuhi kwa karibu dakika 7. Zaidi ya asilimia 80 ya jua ilifunikwa, lakini mchana ulibaki mchana, kwa sababu jicho nalo hupima kwa uwiano. Kwenye saketi yetu, kubaki moja ya sita ya mwanga ni kushuka milivolti 47 tu.

Giza la kasi zaidi, na kwangu ndiyo rekodi yenyewe: magharibi ya kila siku. Karibu na Ikweta jua huzama wima. Luksi 400 za machweo hushuka hadi 3 na kidogo kwa dakika 21 hivi, yaani zaidi ya milivolti 120. Jioni yoyote ya Ruiru yenye anga safi huishinda pete ya 2010 zaidi ya mara mbili.

Adui mkubwa zaidi: joto. Transista hupoteza karibu milivolti 2 kwa kila digrii. Boksi lililopoa asubuhi ya Julai likipata joto digrii 10 zaidi alasiri, kosa ni milivolti 20. Neti ya kivuli ya asilimia 50, kama ya kitalu cha miche ya kahawa, hushusha 18. Saketi itaapa kwamba umetandaza neti mahali pasipo na neti. Ndiyo maana transista huwekwa mbili pacha, ndani ya ganda moja, ya pili ikipitisha mkondo usiobadilika, kisha tofauti yao ndiyo husomwa. Mizani ya milivolti 60 nayo hupanda theluthi moja ya asilimia kwa kila digrii, na hurekebishwa kwa rezista inayobadilika kwa kiwango hichohicho.