Haki ya Ukoo na Haki ya Mtu

South Carolina ilipojitenga na Marekani mwaka 1860, ilisema inatetea haki ya jimbo kujiamulia mambo yake. Lakini tamko lake lenyewe linalalamika kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Miaka 10 kabla ya hapo, sheria ya serikali kuu iliyoagiza watoro hao wakamatwe popote ilikuwa imepitishwa kwa shinikizo la wenye watumwa. Mahakama ya Wisconsin, jimbo la kaskazini, ilipoikataa sheria hiyo mwaka 1854, haki ya jimbo ikawa silaha ya wapinga utumwa. Kila upande uliishika hoja hiyo ilipoufaa. Mtumwa hakuulizwa na yeyote.

Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, nayo inaijua vizuri hali hiyo ya mtu kumezwa na kundi lake. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 iliwaruhusu wakoloni kutangaza kabila zima kuwa adui, kukamata watu wake na kutwaa mali yao. Uhuru haukuiondoa fikra hiyo. Siku 16 baada ya bendera kupandishwa, Desemba 28, 1963, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki, na sheria zake zikadumu hadi 1991. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwazuilia wakazi katika shule ya msingi. Hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi maofisa hao walipouawa. Kuwa Msomali kulitosha.

Anayeadhibiwa kwa sababu ya ukoo wake atakimbilia wapi kama si kwa ukoo huohuo? Maslaha, usuluhishi wa wazee wa koo, imepata nguvu yake hapo. Wazee huketi, husikiliza pande zote, na ukoo wa mkosaji huchangia diya, yaani fidia ya damu: kwa mauaji, ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, nusu yake kwa mwanamke. Utaratibu huu umezima visasi vingi ambavyo polisi wasingeviweza, na anayeudharau hajaona damu ikidaiwa kisimani.

Ila msichana anapobakwa, mambo hugeuka. Wanaoketi ni wanaume, wanaopatanishwa ni koo mbili, na malipo hupokelewa na jamaa zake. Watetezi husema mahakama iko mbali, kesi huahirishwa kila mara, na nauli ya kutoka Hulugho hadi Garissa si mchezo. Yote ni kweli. Lakini wanapoongeza kwamba jamii iachwe imalize mambo yake, mimi huuliza ni nani katika jamii hiyo anayemaliza, na ni nani anayemalizwa. Ngao inayomkinga mtu dhidi ya Nairobi haimkingi dhidi ya mjomba wake.

Katiba ya Kenya ya 2010 ililiona hilo. Iliunda kaunti ziwe ngao dhidi ya Nairobi, na katika kifungu cha 159 ikazihimiza mahakama kukuza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, ila ikakataza zitumike kuvunja haki za mtu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo haiwapi wazee wala familia uwezo wa kuondoa mashtaka. Kwa hiyo kesi haifutwi chini ya mti. Hufa mahakamani: shahidi haji, mama anamwambia mwendesha mashtaka kwamba yamekwisha nyumbani, na hakimu asiye na ushahidi mbele yake anamwachilia mshtakiwa.