SUMAKU YA MAABARANI NA HAKI YA MFANYAKAZI



Wenzetu wa viwanda vya chai wanaijua sumaku inayonasa vipande vya misumari kabla chai haijafungwa. Katika maabara ya taifa ya afya iliyoko Butabika, hapa Kampala, sumaku nayo ina kazi. Huko husaidia kupima wingi wa virusi vya UKIMWI katika damu ya mtu anayetumia dawa.

Kirusi chenyewe hakivutwi na sumaku. Kwa hiyo hutiwa ndani ya sampuli chembe ndogo mno zenye oksidi ya chuma ya kipimo cha nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe hizo hufunikwa kwa tabaka jembamba la polima, yaani jamii ya plastiki, au la silika, yaani jamii ya kioo. Chuma ni cha kuvutwa. Tabaka ndilo linalochagua cha kushika.

Kwanza dawa huvunja ganda la kirusi, na uzi wake wa urithi uitwao RNA hutoka na kushikamana na tabaka hilo. Sumaku huwekwa nje ya kichupa. Chembe hubaki ukutani na uchafu huoshwa. Kisha RNA huachishwa, na mashine huizidisha na kuipima.

Faida yake ni nini kwetu? Virusi vikipungua hata visionekane kipimoni, na vikabaki hivyo, dawa zinafanya kazi, na mtu huyo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Vikiongezeka, mganga hujua mapema kwamba dawa hazinywewi sawasawa au zimeshindwa.

Lakini sumaku hainasi kisicholetwa. Mkata miwa anayekatwa ujira kwa siku ya kliniki huona heri asiende. Hapo ndipo chama kinapohusika.

Tunadai mambo mawili. Siku ya kupimwa isikatwe mshahara. Jibu liwe la mfanyakazi na mganga wake, si la meneja. Pendekezo Namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema mfanyakazi asilazimishwe kupimwa wala kutangaza hali yake.

Kila tawi liyapeleke madai haya mezani kwa mwajiri. Umoja wetu ndio nguvu yetu.