Chumvi ya Maji na Sumu ya Madini

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliokwisha kutoka shuleni, hapa kwetu Mutakura ndagala ni kitoweo cha kila nyumba, lakini ni wachache wanaojiuliza ndagala mwenyewe hula nini. Chakula chake kikubwa ni wadudu wa majini, wadogo kama nukta ya kalamu, jamaa zao kaa na uduvi. Wadudu hao wana adui asiyeonekana: shaba, zinki, kadimiamu na madini mengine yatokayo katika betri kuukuu, mabati na taka za gereji, yakachukuliwa na mvua mpaka mtoni.

Ajabu ni hii: kiasi kile kile cha kadimiamu huua wadudu wengi zaidi katika maji baridi kuliko katika maji ya bahari. Kwa nini? Sababu ya kwanza imo majini. Chembe ya kadimiamu iliyo huru ndiyo yenye sumu kali. Baharini, ambako lita 1 ina gramu 35 hivi za chumvi, kloridi huishika chembe hiyo, isiweze kupenya kwa urahisi. Sababu ya pili imo mwilini mwa mdudu. Katika maji baridi chumvi ya mwili wake hupotea daima, basi humlazimu kuivuta tena kutoka majini. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kalsiamu hupitisha na kadimiamu, kama mgeni asiyealikwa arusini.

Lakini msidhani kwamba chumvi ikizidi ndiyo dawa. Uduvi aliyezoea mlangoni mwa mto, akitiwa katika chumvi kali kupita kiasi chake, huchoka, na sumu humshinda upesi.

Ziwa letu Tanganyika si bahari; lita 1 ya maji yake haifiki gramu 1 ya chumvi. Hata hivyo lina magnesiamu na kaboneti kwa wingi, na sehemu kubwa huletwa na mto Ruzizi kutoka ziwa Kivu. Magnesiamu hugombea mlango na madini yenye sumu, na kaboneti huishika shaba. Maji ya Ntahangwa, yashukayo milimani, hayana ngao kubwa hivyo. Kwa hiyo mimi naona mahali pa kuchunguza ni pale mto uingiapo ziwani baada ya mvua kubwa, kwani taka na maji mepesi hufika pamoja. Kweli, tope huyashika baadhi ya madini na kuyazamisha. Lakini kaa wadogo wa ziwani hula huko huko chini.