Mcheza Kwao Hutuzwa

Mwaka 1962 walimwengu waliitazama kaskazini ya nchi yetu katika sinema ya Hatari! Mwigizaji mkuu wa kike alikuwa Mwitaliano, Elsa Martinelli. Wenyeji hawakupewa nafasi kubwa.

Mwaka 2001 tulijiona wenyewe. Katika Maangamizi, Profesa Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliigiza Samehe, mgonjwa aliyenyamaza kwa miaka mingi. Ndiyo sinema ya kwanza iliyopelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar.

Je, kijana wa Soweto ya Moshi, au wa Pemba, ataionea wapi? Twawakumbusha wakuu wa utamaduni: hazina hii haina budi kuhifadhiwa, na kuonyeshwa shuleni.