Degedege ya Kwanza na Utambuzi wa Kifafa

Mtoto anapofikishwa hospitalini akiwa katika degedege kwa mara ya kwanza, kazi ya kwanza ya wahudumu si kutafuta jina la ugonjwa bali kuokoa maisha, kwa kuwa degedege iliyozidi dakika 5 hukoma kwa shida bila dawa. Hulazwa ubavu ili mate yasimpalie, hupewa oksijeni, hupimwa sukari ya damu kwa tone moja la kidoleni, na degedege ikiendelea hupewa diazepamu kwa mshipa au kwa njia ya haja kubwa. Sukari ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, huongezewa glukosi papo hapo, kwani upungufu huo peke yake unaweza kuleta degedege na kuuharibu ubongo.

Baada ya hapo ndipo chanzo hutafutwa. Degedege hutokea pale seli nyingi za neva zinapotoa umeme kwa pamoja kupita kiasi, na hali hiyo inaweza kuchochewa na jambo la muda, kama vile homa, malaria kali, au homa ya uti wa mgongo, ambayo ni uambukizo wa utando unaozunguka ubongo. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mfano pwani ya Kenya, kipimo cha malaria hakikosekani, na mtoto asiyerejewa na fahamu zake au mwenye shingo iliyokakamaa huweza kuhitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo ili yachunguzwe. Degedege ya homa iliyo ya kawaida humpata mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, hukumba mwili mzima, haifikii dakika 15 wala hairudii ndani ya saa 24, na wengi wa watoto hao hawapati kifafa baadaye.

Pasipokuwa na kichocheo, maelezo ya aliyeshuhudia huwa na uzito kuliko mashine. Daktari humuuliza mama ilianzia mkono upi, macho yaligeukia wapi, ilichukua muda gani, na kama mtoto alikuwa akilia kabla ya kuzimia, kwa sababu wapo watoto wachanga ambao pumzi hukatika kwa kilio wakalegea bila ya kuwa na kifafa. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia kukadiria hatari ya kurudia, lakini majibu yake yakiwa safi hayatoshi kukiondoa kifafa.

Kwa ufafanuzi uliotolewa mwaka 2014 na shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ugonjwa huu huthibitishwa mtu akipata degedege mbili zisizochochewa zilizopishana kwa zaidi ya saa 24, au moja tu ikiwa uwezekano wa kupata nyingine katika miaka 10 ijayo unafikia asilimia 60, kama inavyoweza kuwa kwa mtoto mwenye kovu la ubongo. Ndiyo maana watoto wengi hurudishwa nyumbani baada ya degedege ya kwanza bila dawa za kila siku, huku wakipangiwa kliniki ya ufuatiliaji.

Mzazi naye ana wajibu wake: asimtie mtoto kijiko wala kidole mdomoni, asimnyweshe chochote, atazame saa, na amfikishe hospitalini hata kama degedege imekwisha koma.